Kibanda cha Ruperto Collao

Ofisi ya barabara ya mkoa ilitangaza, kwa maandishi mazito na mhuri, kwamba vibanda vyote vilivyojengwa kando ya barabara kuu ya jangwani kuwakumbuka waliokufa ajalini ni vya ukumbusho tu na havina kazi nyingine yoyote. Na kwamba barabara ikipanuliwa, kibanda ambacho ndugu wa marehemu hatajitokeza kukidai siku ya ukaguzi kitazolewa pamoja na kifusi.

Tangazo lilimkuta Ruperto Collao nyumbani kwake Antofagasta, anakunywa chai. Alilisoma mara mbili, akampa dada yake Edelmira.

"Si una kibanda kule wewe?" Edelmira akauliza.

"Ninacho."

"Na ndugu wa marehemu ni mimi."

"Huna wa kukupokonya."

"Basi nivae nyeusi?"

"Vaa utakavyo, dada. Marehemu hachagui."

Ruperto alizaliwa Santa Rufina, kambi ya kuchimba shura, ile chumvi ya mbolea iliyowatajirisha watu wengi ambao hawakupata kuiona. Kambi ilipofungwa, mwenye mali aliuza nyumba ubao kwa ubao. Ruperto akiwa mdogo alisimama barabarani akakitazama chumba alichozaliwa kikipita juu ya lori, kinakwenda kuwa zizi la mbuzi. Labda ndiyo maana akawa dereva. Alikuwa ameshaona kwamba jangwani kila kitu, hata nyumba, mwisho wake ni mzigo.

Akaendesha malori hadi siku lori lake la vitunguu lilipopinduka kwenye kona ya Santa Rufina na kuteketea. Alitoka akiwa na mkono ulioungua na aibu ya kukutana na mwenye lori. Gari la kwanza kusimama lilikuwa linakwenda Bolivia, akapanda, na huko akakaa mpaka mkono ukapona. Wenzake walichokoa majivu, wakapata kiatu na vitunguu vilivyoiva vizuri. Wakalia. Kisha wakaokota mbao za Santa Rufina zilizosazwa na wanunuzi, wakamjengea kibanda chenye msalaba, jina lake na mahali pa mshumaa, kama desturi inavyotaka. Kila dereva aliyepita akawa anapiga honi.

Aliporudi, Ruperto alikwenda na nyundo kukibomoa. Akakuta mtu amepigilia kibao: *Asante, Ruperto, kwa fadhila uliyonitendea.* Hakujua ni fadhila gani. Lakini mtu alikuwa amefadhiliwa, na Ruperto hakuona sababu ya kumharibia. Akarudisha nyundo garini, akatafuta kazi kwenye njia ya pwani ambako hakuna aliyemjua, na kila alipolazimika kupita kwenye kona ile alijipigia honi.

Siku ya ukaguzi waliondoka asubuhi, mkate wa parachichi mapajani mwa Edelmira. Walipita Baquedano, ambako mabehewa yangali yamepanga foleni yakisubiri shura iliyoacha kuja tangu Wajerumani walipogundua kwamba mbolea inaweza kutengenezwa kwa hewa. Wakapita Pampa Unión, mji ulioanzishwa kwa ajili ya hospitali ukaishi kwa mabaa, na sasa hauna mgonjwa wala mlevi, kuta tu.

"Hapa baba alipotea siku tatu," Edelmira akasema.

"Alisema alikuwa hospitalini."

"Na mama akamuuguza alipofika nyumbani. Kwa ufagio."

Kibandani walimkuta mhandisi kijana aliyevaa kizibao cha kung'aa, na mwanamke mnene aliyekuwa akimimina maji kwenye kikopo mbele ya msalaba. Huyo alikuwa Nolfa Tabilo, mpishi wa mkahawa wa madereva kule Sierra Gorda.

"Edelmira Collao, dada wa marehemu," Edelmira akamwambia mhandisi.

"Na huyu mzee?"

"Huyu ndiye niliyebaki naye."

Nolfa aliweka chupa chini. "Kumbe ana ndugu! Miaka yote mlikuwa wapi? Mimi namletea maji kila Jumatatu, mvua hainyeshi, jua linamchoma, nyie mmekaa mjini mnapunga upepo!"

"Hatukuwa na habari kwamba ana kiu," Ruperto akasema.

"Mtu kafa motoni, asione kiu?"

"Enzi za uhai wake kiu alikuwa nayo sana," Edelmira akakubali. "Na alikuwa anakoroma."

"Usimseme marehemu, mama! Anakusikia."

"Hilo sina shaka nalo."

Nolfa akawapa kisogo, akashika msalaba, akazungumza nao kama anavyozungumza na mteja wa siku zote. "Ruperto, mwanangu, hujawahi kuninyima. Mwaka huu wote nakuomba jambo moja tu. Yerko, kijana wangu, hapokei simu zangu. Nilisema mchuzi wa mkewe ni maji ya kuoshea vyombo. Ulikuwa ni maji ya kuoshea vyombo, wewe unajua. Lakini ningenyamaza. Mlete hata mara moja. Ukishindwa wewe, sina mwingine wa kumwendea."

Ruperto alivua kofia. "Mama," akaanza, "huyu Ruperto, kusema kweli..."

Edelmira akamkanyaga. Mhandisi alikuwa ameinua kichwa. Kibanda kisicho na marehemu ni mbao tu, na mbao zilikuwa na lori lake la kifusi, limeshawashwa.

"Kusema kweli nini?" Nolfa akauliza, macho yamelowa.

"Alikuwa mzito wa kuelewa. Yerko anafanya kazi wapi?"

"Ya nini? Ruperto anajua."

"Mwelekeze tu, mama. Jangwa limebadilika."

Nolfa aliona hilo lina busara. Akaugeukia msalaba, akauelekeza polepole: Calama, karakana ya matairi, nyuma ya kituo cha mabasi, lango la kijani.

Walifika Calama saa ya chakula. Yerko Tabilo alitoka chini ya lori, mikono myeusi. "Tairi gani, mzee?"

"Hakuna tairi. Mama yako anakuomba uende."

"Kakutuma yeye?"

"Hajui kama nimekuja. Amemwomba Ruperto Collao."

Yerko akacheka, kwa maana alikuwa amewasha mishumaa pale tangu hajaota ndevu. Kisha akauona mkono wa mzee, ngozi imekunjamana kama nta. Kicheko kikamwishia njiani.

"Kiatu kilichokutwa," akauliza taratibu, "kilikuwa cha mguu gani?"

"Wa kushoto. Na kilikuwa kinavuja."

Yerko akakaa juu ya tairi. "Mama anajua?"

"Hajui. Ukimwambia nitakufa kweli, na safari hiyo sitakuwa mpole."

"Lakini alimtukana mke wangu."

"Habari ya mchuzi sikuagizwa. Nimeagizwa wewe."

Edelmira, aliyekuwa amebaki garini, alipiga honi.

Kreni ilikisogeza kibanda hadi ukingo mpya wa barabara, na mhandisi akathibitisha kwa maandishi kwamba ni cha ukumbusho tu. Jumapili iliyofuata Yerko na mkewe walikula chakula cha mchana Sierra Gorda.