Mmea Usio na Kibao

Miaka ya tisini, nikiwa afisa wa misitu mgeni kabisa Garissa, nilikabidhiwa kitalu cha miche. Kila mche ulikuwa na kibao cha jina isipokuwa mmoja, wenye shina nene kama chupa na maua ya rangi ya waridi. Niliona haya kuuliza. Mimi si ndiye niliyesomea miti?

Asubuhi moja akaja mama mfugaji kutoka Griftu, anatafuta miche ya kivuli. Akaunyooshea fimbo ule mmea. "Afisa, hii ya maua jina yake nini?"

Ningesema sijui, yangeisha. Badala yake nikamwambia mmea huo umetoka ng'ambo, na kwamba wakati wa kiangazi ni chakula kizuri cha mifugo.

"Mbuzi nakula?"

"Tena wanaupenda sana, mama."

Akamtazama mbuzi wangu niliyemfunga langoni. "Basi pa hiyo yako, mimi naona."

Nikachuma majani, nikampelekea kwa madaha. Mbuzi akanusa mara moja, akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza. Nikambembeleza. Nikaanza hata kumfungua mdomo.

"Wariya, wewe, wacha!" mama akapaza sauti. "Hiyo sumu! Sisi nachemsha, naosha ngamia, kupe nakufa yote. Iko kila mahali kwetu, hata mtoto najua."

Nikayatupa majani chini.

"Hii mbuzi ulinunua wapi, wewe?" akauliza, sasa kwa upole.

"Hapa hapa, mama. Soko la Garissa."

"Haya. Mbuzi ya hapa najua. Siku ingine uliza yeye."