Siku Mama Alipoisikiza Rimoti

Leo najigamba, na sitaki kukatizwa. Mimi na mamangu, ndani ya fleti ya vyumba viwili hapa Alexandria, Marekani, tuliisoma rimoti ya tivii alama kwa alama mpaka tukajua inasema nini. Mimi ni mtandika vitanda hotelini. Diploma yangu ya umeme, niliyoisotea Mombasa miaka mitatu, huku hakuna aliyewahi kuiulizia. Mamangu alikuwa mwalimu wa chuo Mji wa Kale, akisomesha watoto Kurani, na macho yake yalikuwa yameshakwenda karibu yote kwa presha ya macho.

Tulimleta ili apumzike, na huko kupumzika ndiko kulikomtesa. Mimi na mume wangu, dereva wa teksi, tukishatoka asubuhi, alibaki na tivii na stesheni moja ya nyumbani ya mawaidha na habari. Lakini rimoti ya huku ina vibonyezo vingi kama upele. Akigusa kisicho chenyewe, tivii inaanza kumuuliza maswali ya Kiingereza, naye anakaa mbele yake mpaka nirudi jioni. Siku moja nilimkuta ameketi kitandani na koti lake mwilini.

"Mwanangu, nikatie tiketi," akasema. "Kule hata nikiwa kipofu nina kazi. Huku mimi ni kabati, nimewekwa tu."

Niliudhika, wallahi. Niliudhika naye, nikaudhika na tivii, nikaudhika na Marekani nzima. Nikamwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi, nikishindwa nitaikata tiketi mwenyewe.

Wazo langu lilikuwa jepesi. Rimoti huongea na tivii kwa mwanga ambao jicho halioni, unaowaka na kuzimika upesi upesi, mara mrefu, mara mfupi. Nikanunua kijicho kidogo cha kuunasa mwanga huo, nikakiunga kwa waya kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta yangu kuukuu, nikabonyeza rimoti. Kompyuta ikadhani inasikia sauti, ikairekodi. Kwenye skrini vikatokea vilima na mapengo. Nikanakili ujumbe wa vibonyezo vinne tu: cha kuwasha na kuzima, cha stesheni yake, cha kuongeza sauti na cha kupunguza. Nikaufundisha ujumbe huo chipu ndogo yenye taa ya mwanga uleule, nikaifungia ndani ya kisanduku cha plastiki kilichokuwa cha halua, nikakitilia vibonyezo vinne vikubwa ambavyo hata kidole kisicho na macho hakivikosi.

Mama akabonyeza. Tivii ikawaka! Nikapiga kigelegele peke yangu. Akabonyeza tena ili izime. Ikagoma. Akabonyeza mara ya tatu, bado inawaka.

"Kimeshiba hiki," akasema, akakiweka chini.

Wiki mbili nzima nilihangaika. Nikabadili betri, nikabadili waya, nikaitukana kompyuta matusi ambayo mwalimu wa chuo hakustahili kuyasikia. Mwezi ulikuwa unaisha. Jumapili moja mchana, theluji imegandia juu ya magari kule nje, nikakirekodi upya mara mbili kibonyezo cha kuwasha na kuzima, nikaamua kuzipunguza kasi rekodi hizo na kuzisikiliza tu, maana kuzitazama kulikuwa kumenichosha. Ikatoka sauti kama ya nyuki aliyebanwa dirishani: ziii, zi, zi, ziii. Mama alikuwa mezani akichambua mchele kwa kupapasa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Sasa ile ya kabla yake."

"Mama, ni ileile. Kibonyezo ni kimoja, nimekibonyeza mara mbili."

"Si ileile. Ya kwanza, pale mwanzoni inavuta. Ya pili inakata."

Lazima mjue chuo chake kilivyokuwa. Watoto thelathini wanasoma kwa pamoja, kila mmoja na sura yake, wote kwa sauti ya juu, naye yuko uani anakaanga bajia. Mmoja akifupisha pahali pa kuvuta sauti, bajia zinaachwa ziungue na jina la mtoto linaitwa. Langu limeitwa sana. Lakini hii ilikuwa mashine bwana, na mimi ndiye mwenye diploma.

"Mama, hii si Kurani," nikamwambia.

"Najua. Ingekuwa Kurani ningekuwa nishakuchapa."

Kwa hasira tu, ili nimwonyeshe, nikaziweka zile rekodi mbili kwenye skrini, moja chini ya nyingine, nikafuata alama kwa alama. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu imegeuka. Nikabonyeza tena, alama ikarudi ilivyokuwa. Nikabonyeza tena, ikageuka. Kumbe rimoti ile, kila ukiinua kidole na kubonyeza upya, hugeuza alama moja, ili tivii ijue kuwa huu ni mbonyezo mpya, si kidole kilichosahaulika palepale. Kisanduku changu kilikuwa kikirudia neno moja, na tivii ikingoja kidole kiondoke. Sikio halipiti kichwa, walisema wakubwa, na siku hiyo nilikubali.

"Mama! Wewe mwanamke wewe!" nikapiga kelele.

"Wacha kelele, andika," akasema.

Nikaandika. Kabla ya magharibi kisanduku kilikuwa kimejua kugeuza alama yake. Akabonyeza, tivii ikawaka. Akabonyeza, ikazima. Ikawaka. Ikazima. Alifanya hivyo pengine mara ishirini, na mimi sikumkataza. Nilikaa sakafuni nikimtazama, kifua kimenijaa kwa fahari, nikisema moyoni: huyu ndiye mamangu, na mimi ndiye mwanawe, na asiyetaka na ameze wembe.

Asubuhi yake dadake mama akapiga simu kutoka Mombasa kuuliza anarudi lini, chumba chake kimeshapakwa chokaa. Nilikuwa navaa viatu vya kazi. Nikabaki na kimoja mkononi, siwezi kukivaa wala kukiweka chini.

"Chumba kipangisheni," mama akamjibu. "Huyu mtoto hapa ndiyo kwanza anajifunza kusoma mashine, na bado anakata pahali pa kuvuta. Nitamwachia nani?"