Mwenye Muhuri wa Kiwanda cha Magodoro

Mama msimamizi aliyewekwa na mahakama kwenye kiwanda cha magodoro huvaa muhuri wa kampuni shingoni, kwa kamba ya kiatu, na hauvui hata akila. Jaji aliamuru usipigwe mahali pasipo na sahihi za wenye kampuni wote wawili, na kwamba wasipokubaliana hata jambo moja kufikia Ijumaa, kiwanda kifungwe. Wenyewe ni mashemeji wasiosemezana, ingawa meza zao zimegusana.

“Mama, mwambie shemeji afunge dirisha.”

“Shemeji, funga dirisha.”

“Mwambie lina kutu kama roho yake.”

Naye msimamizi huyafikisha yote, neno kwa neno, bila kucheka, maana kazi ni kazi.

Ijumaa alasiri wakamletea karatasi, wameishika huku na huku kama wabeba godoro. Ilikuwa barua kwa jaji: mama huyu atuondokee, hatupumui. Aliisoma mara mbili, akasahihisha tarehe, akakagua sahihi. Zilikuwa mbili. Akauvua muhuri, akaupulizia pumzi kama kawaida yake, akaugandamiza na kuhesabu hadi tatu.

“Haya, kiwanda kimepona,” akasema. “Nakala yangu iko wapi?”