Minyaa Niliyoing'oa Mwaloni

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, nayo ni siku niliyoamka na jicho limevimba kama andazi.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini hivi. Nina mume, nina mtoto mgongoni, na mdomo ninao. Mji wetu huu, ukishapita Ilagala ukifuata ziwa, ulikuwa bado kijiji: nyumba chache, mwalo wa mitumbwi, na uwanja mrefu wa mchanga tunakoanika dagaa. Juu ya uwanja huo, kutoka mwambani mpaka kijitoni, ulisimama mstari wa minyaa. Mnyaa unaujua, ule mti wa kijani usio na majani ambao watu wa huku tunawekea mipaka. Ile ya mwaloni waliipanda wazee wetu wa kike, na sheria yake ilikuwa fupi: chini ya mnyaa unaanika, hujengi.

Ukitaka kujua kwa nini, ulimuuliza Bibi Butoyi. Huyo ndiye alikuwa mkubwa wa waanikaji, mwanamke mfupi, mkavu kama dagaa wake, na hakuna aliyekanyaga mchanga ule asubuhi bila kumpa shikamoo. Alisema yeye akiwa msichana ziwa lilipanda, likakaa juu misimu mingi, likafika pale pale. Lilipoteremka, mama zao wakachomeka minyaa ili watoto wasisahau.

Sisi watoto tukasahau. Mimi nilisahau kwa makusudi.

Ikaja habari kwamba maofisa wanakuja kuchora mpango wa kijiji, mpango wa miaka mingi mbele: soko liwe wapi, shule wapi, watu wajenge wapi. Mume wangu alikitamani kiwanja cha mwaloni, na mimi nilikitamani kuliko yeye. Nyumba ikiwa pale, mitumbwi ikirudi wewe ndiye wa kwanza kuiona, unachagua dagaa wazuri, na wingu likijikunja unaanua kabla wenzio hawajajifunga kanga. Nikajiambia, kinachonizuia ni mti tu, na mti ni kitu cha kung'oa.

Nilikwenda mchana wa jua kali, saa ambayo wavuvi wamelala na wanawake wako mlimani kwenye kuni. Nilikata, nikang'oa, nikatupa matawi nyuma ya mwamba, nikasawazisha mchanga kwa miguu. Utomvu wa mnyaa ni mweupe kama maziwa na unachoma kama pilipili. Tone moja likaniruka jichoni.

Kesho yake asubuhi, kabla ya mtu kushuka mwaloni, ndiyo mkutano. Bibi Butoyi akasimama, akamwambia ofisa, "Bwana, hapo chini usichore nyumba. Hapo ni pa ziwa, sisi limetuazima tu."

"Alama yake iko wapi, mama?"

Akanyoosha mkono kuonyesha minyaa. Mkono ukabaki hewani. Palikuwa peupe, mchanga mtupu. Na mimi, mwanangu, badala ya kuinama kwa aibu, nikafungua huu mdomo wangu. "Bibi ameshazeeka," nikasema, "anachanganya mambo."

Watu wakacheka, maana wengi nao walivitamani viwanja vya chini. Ofisa naye akatabasamu, akachora. Bibi Butoyi alinitazama jicho langu, lile lililovimba, akakaa chini taratibu.

Alasiri alikuja kwangu na kikombe cha maziwa ya mbuzi. "Lala chali," akasema. Akanifumbua jicho kwa vidole vyake vinavyonuka dagaa, akaniosha kidogo kidogo.

"Mti umeung'oa, mjukuu wangu," akasema. "Ziwa hujaling'oa."

"Bibi, mimi sijui unasema nini."

"Jicho lako linajua."

Akanyanyuka, akaenda nyuma ya mwamba, akaokota matawi yale, akayafunga kwa kamba ya mgomba na kuyabeba kichwani mpaka kwake juu mlimani. Akayachomeka nyuma ya jiko lake. Mnyaa hauna kinyongo, ukiukata na kuuchomeka unaota. Jina langu hakulitaja kwa mtu yeyote mpaka anaingia kaburini. Angelitaja ningefukuzwa mwaloni. Nami kwa ujinga wangu nikadhani nimeshinda.

Nikajenga. Nikazaa, nikalea, nikauza dagaa mpaka Gungu, nikazeeka pale pale. Kijiji kikakua kikawa kimji, soko likajengwa chini, watu wakanifuata kama mbuzi wanavyomfuata anayetangulia. Halafu miaka hii ya juzi ziwa likaanza kupanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni anayejua nyumba: leo liko kizingitini, wiki ijayo liko jikoni. Nilimkuta perege anaogelea chini ya kitanda changu, na sikuwa na nguvu hata ya kumvua. Soko likazama, nyumba thelathini na kitu zikaondoka, yangu ya kwanza. Tukapanda mlimani na magodoro kichwani, tukapita nyuma ya jiko la marehemu Bibi Butoyi. Ile minyaa imekuwa mirefu kuliko paa. Nilishindwa kuitazama.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu mimi alikuja kwa bodaboda.

Zaituni ni binti wa mwanangu Ramadhani. Amesomea mambo ya mipango ya ardhi, na maji yaliporudi nyuma, akapewa kazi ya kuuhuisha ule mpango wetu wa zamani. Nitamsifu, na asiyependa azibe masikio. Nilizoea maofisa wanaoita watu ofisini na kuwasomea. Huyu alivua viatu akashuka mwaloni, akageuza dagaa pamoja na wanawake huku akiuliza: mnapita wapi na beseni, mvua ikija mnakimbilia wapi, watoto wanacheza wapi? Kisha akamwaga majivu mchangani akachora mji mzima, gunzi likawa msikiti, kifuu kikawa kanisa, na kila mama akasogeza kitu chake mpaka pakawa kama palivyo. Mama mmoja muuza mawese akamwambia, "We mtoto, hii ndiyo ramani ya kwanza niliyoielewa." Moyo wangu ulijaa kama tenga.

Ila nilikuwa nimekalia kaa la moto. Watu walitaka kurudi chini. Ramadhani alikwisha shusha matofali palipokuwa na nyumba yangu. Na siku ya mkutano mwenyekiti wa mji akasema, "Jamani, gharika ni jambo la mara moja. Limepita. Turudishe soko na viwanja kama vilivyokuwa."

Makofi yakapigwa. Zaituni akangoja yaishe, akauliza, "Wazee wangu, kuna anayejua kama maji yaliwahi kufika huko kabla ya safari hii?"

Waliojua wamekufa wote. Nikamwona mtoto ameshika kalamu, anatuangalia mmoja mmoja, na nikajua nikinyamaza ataandika uongo wangu kwa mwandiko wake mzuri, na vitukuu vyangu vitalala juu yake.

Nikasimama. "Yaliwahi," nikasema. "Na alama ilikuwepo."

Ramadhani akanivuta kanga. "Mama, kaa chini." Kisha akawageukia watu akicheka, "Msameheni, Mama ameshazeeka, anachanganya mambo."

Maneno yale yale, mwanangu! Sikumfundisha mimi, lakini yalitoka tumboni mwangu. Nikashika bega la jirani nisikae chini.

"Baba," Zaituni akasema, kwa adabu lakini hakutikisika, "muache Bibi aseme."

Nikasema yote, panga, jicho, Bibi Butoyi na mkono wake hewani. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha wangu mpaka mvi zimeisha kuota. Wengine wakaguna. Mzee mmoja akanitupia, "Kumbe ni wewe uliyetuzamisha!" Nikamwambia, "Ndiyo, ni mimi. Sasa usinisaidie kukuzamisha mara ya pili."

Tukashuka wote mwaloni. Nikatembea kutoka mwambani mpaka kijitoni, hatua kwa hatua, na nyuma yangu mjukuu wangu anapigilia vigingi. Tulipomaliza akapima usawa wa vigingi na ule mstari ulioachwa na tope la gharika kwenye ukuta wa soko. Akapima tena. "Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "ni usawa mmoja." Mwenyekiti akavua kofia akajikuna kichwa. Hakuna aliyesema tena habari ya mara moja.

Basi mpango mpya umeandikwa hivyo: chini ya vigingi pa kuanika na kuegesha mitumbwi, soko na makazi juu. Kiwanja chetu kimeondoka. Ramadhani hakunisemesha wiki mbili, nikipita anatazama ng'ambo kwa Wakongo. Wiki ya tatu nilisikia mkokoteni unapandisha mlima. Alikuwa anahamisha matofali, jasho linamtoka, akasema tu, "Shikamoo, Mama. Jiko lako utataka litazame wapi?"

Nikamwambia, ziwani. Lile sijagombana nalo.

Matawi ya kupanda tuliyakata nyuma ya jiko la Bibi Butoyi, kwa ruhusa ya wajukuu zake. Mji mzima ulichomeka, Waislamu na Wakristo, wenyeji na waliovuka ziwa. Zaituni alipoinua mkono kujifuta jasho nilipiga ukelele mpaka akaruka, "Usiguse jicho, mtoto!" Akaniangalia, akaangua kicheko, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza juu ya jambo lile, kisha nikalia.

Mwanangu unayesoma, mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nakupa kwa lugha ya mwaloni. Ukikuta alama ya wazee imekuzuia njia, uliza kabla ya kung'oa. Mpango wa mji ni ahadi kwa watu ambao hawajazaliwa, na hao hawawezi kuja mkutanoni kujitetea. Mzee akisema jambo lisilo na ushahidi, mtazame vizuri, huenda ushahidi umeuficha wewe. Na ukikosea, usingoje ziwa likusemee. Sema ukiwa na miguu ya kwenda kuonyesha mahali.

Mungu akupe jicho zima na sikio zito kwa makofi. Akujalie nyumba iliyo juu, maji yasikofika, dagaa wakavu kabla ya mvua, na mjukuu atakayekuambia, hata mbele ya watu, "Bibi, sema." Amina.