Sili ya Ngozi

Siku ya arobaini ya mwanangu wa kwanza iliangukia Jumapili, na gari langu lilikuwa juu ya jeki uani kwangu Temeke, gurudumu moja halipo. Mke wangu alikuwa kwa mama yake Kimara tangu ajifungue, na siku hiyo ndiyo nilitakiwa kuwafuata yeye na mtoto. Mama mkwe alishanionya: "Usipowachukua siku yenyewe, nitajua bado hujawa tayari. Watabaki kwangu." Tena miaka ile magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kubana matumizi ya mafuta. Kwenda na kurudi, yote yaishe kabla ya saa nane.

Nilikuwa nimechoka kabla hata sijashika spana. Wiki nzima nilihangaikia stadi moja, ile bolti ya kwenye habu, kitovu cha gurudumu, inayofungiwa nati, iliyonikatikia Buguruni. Madukani rafu tupu. Mwishowe fundi mmoja wa Mikocheni alinichongea nyingine kwa chuma chakavu. Sili nayo, ile pete inayozuia grisi isivujie kwenye breki, ilichanika nilipoing'oa, na fundi viatu akanikatia ya ngozi. Akaniagiza niilaze kwenye mafuta usiku kucha ili ilainike. Nikaitia kwenye kopo, nikaliweka dirishani.

Asubuhi jirani yangu, mchonga vinyago aliyetoka Newala, aliniazima nyundo yake ya mti, nikaigonga stadi mpaka ikakaa bila kuharibika meno. Kisha nikafuata utaratibu wangu wa siku zote: vifaa nilikuwa nimevipanga juu ya gunia kwa mfuatano vilivyotoka, nikavirudisha kwa kuanzia mwisho. Beringi ya ndani, na ile grisi kidogo niliyoipata kwa kubembeleza. Habu. Beringi ya nje, washa, nati. Nikakaza huku nazungusha mpaka habu ikawa nzito, nikalegeza kidogo, nikapitisha pini na kuikunja. Nikafunga gurudumu. Nati zote zikashika barabara, nikaondoa jeki, nami nikafurahi kijinga.

"Hiki cha kwenye kopo cha wapi?" jirani akauliza.

Nilitaka kumrushia spana, kana kwamba yeye ndiye aliyesahau. Sili haikuwa kwenye gunia, ndiyo maana nilikuwa nimeiruka. Na mahali pake ni nyuma kabisa ya habu, kwa hiyo ilibidi nifungue kila kitu upya.

"Nenda hivyohivyo bwana," akasema. "Si Kimara na kurudi tu? Utaitia kesho."

Nilikaa chini vumbini. Saa sita ilishapita. Nilijua nikiondoka hivyohivyo ningefika, ningewachukua, ningerudi kwa wakati, na mama mkwe angekosa la kusema. Nilijua pia kwamba grisi ikipata joto ingevuja kwenye breki, na safari ya kurudi ndiyo yenye mtoto. Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, kwa kuchoka tu. Kisha nikarudisha jeki chini ya gari.

Nilifika Kimara saa nane ikigonga. Mke wangu alikuwa barazani na kanga mpya, mtoto mapajani, mzigo wao umefungwa tangu asubuhi. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Saa nane hii, baba. Mnarudije?"

Nilimweleza yote, hata kwamba kosa lilikuwa langu.

"Na ungekuja bila hicho kingozi?"

"Ningewahi, mama. Ila breki zingeweza kukataa tukiwa njiani na mtoto."

Alilitazama gari, akaitazama mikono yangu, nyeusi mpaka viwiko. Sabuni ilikuwa haionekani madukani, na kwangu iliisha zamani; nilikuwa nimejisugua kwa mchanga. Mwanangu nilikuwa nimemwona mara tatu, zote mikononi mwa watu wengine.

Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na kata ya maji na kipande chembamba cha sabuni, kilekile alichokuwa akimwogeshea mtoto. Nikakipitisha viganjani mara moja, nikamrudishia.

"Sugua," akasema. "Imalize. Kesho utawachukua."

Nikasugua mpaka sabuni ikaisha. Alimchukua mtoto mapajani kwa mke wangu, akaniwekea mikononi. Kucha zangu zilikuwa bado nyeusi.