Mpira wa Pili

Uwanja wetu wa tenisi wa Pumwani ulikuwa sakafu ya saruji nyuma ya ukumbi wa mtaa, na wavu wake ulikuwa na matundu ya kutosha kupitisha kuku. Tulikuwa watoto ishirini na zaidi, raketi mbili, na mpira mmoja uliokwisha manyoya. Kwa hiyo tulijiwekea sheria: unaanzisha mara moja tu. Ukigonga wavu au ukipitisha mstari, unakabidhi raketi na kurudi mwisho wa foleni. Mimi sikuzaliwa na subira. Nilijifunza kuanzisha kwa nguvu zangu zote, mpira usirudi, nami nibaki na raketi.

Hakuna aliyetuambia kwamba kwingine mchezaji akikosa mpira wa kwanza hupewa wa pili.

Nilijua nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye mashindano ya watoto katika klabu moja ya matajiri. Mpira wangu wa kwanza ulitoka nje. Nikaenda hadi kwenye wavu, nikamkabidhi mpinzani raketi yangu, kisha nikasimama kando ya ua kungoja zamu. Msichana wa watu akabaki na raketi mbili mikononi. Mwamuzi akaniuliza ninaenda wapi, na bado nina mpira mwingine. Nilidhani ananihurumia. Nikakasirika, nikaupiga wa pili kwa nguvu kuliko wa kwanza, ukatoka pia. Watu walicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mazoea hayo hayakuniacha hata nilipoanza kucheza kwa kulipwa. Mpira wangu wa kuanzisha ulikuwa na sifa. Wapinzani walirudi nyuma hadi karibu na ua kuungoja. Lakini wa kwanza ukikosa, niliupiga wa pili vilevile, nao ukakosa vilevile, na mechi zikaniponyoka. Kocha wangu, mzee mpole aliyeanza kazi kwa kuokotea wengine mipira, alinifundisha kwa miaka mitatu kuuzungusha wa pili taratibu, uingie tu. Mazoezini nilitii. Kwenye mechi nilikuwa na kichwa kigumu.

Nilichotaka ni pointi moja. Bila hiyo jina lako haliko kwenye orodha ya viwango vya dunia, na unabaki mchezaji wa kulipwa kwa mdomo tu. Nilizunguka miaka minne bila kuipata. Bega likaanza kuuma, na daktari akaniambia nina msimu mmoja, pengine nusu.

Msimu huo mashindano yenye pointi yalifanyika Nairobi. Nikishinda mechi ya kwanza tu, pointi ni yangu. Mama alimwachia jirani samaki wake wadogo wa omena sokoni Gikomba akaja kunitazama kwa mara ya kwanza. Asubuhi kocha alikuwa ameniambia, "Huo wa pili weka tu ndani. Si lazima uue mtu."

Nilifika mahali pa kubakiza mpigo mmoja nishinde. Wa kwanza ukatoka kwa upana wa kiganja. Nilimtazama kocha, naye alikuwa ametazama chini. Ananijua. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, nikaupiga taratibu, mpira dhaifu kuliko yote niliyowahi kupiga. Mpinzani alikuwa kule nyuma kwenye ua. Alikimbia, akaufikia amechelewa, akaupeleka kwenye wavu.

Mtaani waliitazama video kwenye simu, wakanicheka wiki nzima. Mmoja tuliyepanga foleni pamoja utotoni aliniuliza, "Maze, hiyo ulipiga ama ulikuwa unapeana tu?"

Pointi hudumu mwaka mmoja. Usipopata nyingine, jina linaondolewa. Kabla mwaka haujaisha, bega lilikuwa limeshanitoa uwanjani. Asubuhi moja nilifungua orodha kwenye simu, nikatafuta jina langu, halikuwepo. Mama alikuwa akipepeta omena. Nilipomwambia, aliweka ungo chini.

"Sasa wanaweza kukunyang'anya kitu ulishinda?"

Nikamweleza kwamba lazima ushinde tena kila mwaka, na mimi siwezi tena. Alinisikiliza hadi mwisho, akauchukua ungo wake.

"Hao wafute," akasema. "Mimi nilikuwa hapo. Nilikuona."

Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku bega liliponiacha.