Leo nimekataa jambazi wa sinema afe

Sijawahi kumwambia mtu hili. Kaka yangu Liban hayuko Nairobi. Alikufa.

Alipanda gari la magendo kule Liboi, mpakani na Somalia, polisi wakalifukuza, risasi ikampata. Nyumbani tuliona aibu. Hatukuita watu waje kutupa pole. Tulisema tu amepata kazi Nairobi.

Sasa leo.

Mwalimu alituonyesha filamu ya zamani sana, isiyo na sauti. Askari juu ya farasi wanafukuza genge la majambazi. Darasa likataka DJ, mtu wa kuieleza kwa Kiswahili kama kwenye vibanda vya video. Mwalimu akanichagua mimi. Mimi, nisiyeongea!

Wallahi nilianza vizuri. Watu walicheka mpaka wakapiga madawati.

Kisha jambazi mdogo kuliko wote akapigwa risasi, akaanguka.

"DJ, sema amekufa!"

Nikasema, "Amechoka tu. Ataamka aende kwa mamake."

"Wee Hodan, huyo ashakufa bana!"

"Hajafa!"

Nilipiga kelele. Halafu nikalia, mbele ya wote.

Nyinyi wa darasani mnaonitumia vikatuni vya kucheka kwenye simu tangu mchana, sasa mnajua. Msinicheke tena. Andikeni hapa chini mnamwombea Liban. Hakuna mtu wa nje aliyewahi kumwombea.

Nasikia ndara za Hooyo, mama yangu, zinakuja mlangoni. Siku zote mimi huficha simu chini ya mto.

Leo namwachia asome.